Kipimo cha Bi Zawena

Ofisa Lugendo wa mamlaka ya vifaa tiba aliifuta programu ya kusoma kipimo cha sukari kwenye simu ya Bi Zawena, kipofu mwenye kisukari.

"Haina kibali, mama. Tunakulinda."

"Ndiyo inayonisomea sukari. Nitajuaje nichome insulini kiasi gani?"

"Subiri itakayoidhinishwa."

"Lini?"

Lugendo alifunga mkoba wake. Bi Zawena alijidunga kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, akakielekeza kwenye simu kama alivyozoea. Simu ikanyamaza. Akakigeuza kuelekea kwa Lugendo.

"Basi nisomee wewe, mwanangu."

Namba iliwaka. Lugendo aliiona.

"Mimi si daktari, mama. Siruhusiwi."

Akatoka akinyata. Mkono wa Bi Zawena ulibaki umenyooshwa kuelekea sauti ilikotokea, kipimo kikiwaka.

"Ngapi, baba?"