Vidole vya Dakta Kihedu

Haya alinisimulia wifi yangu Zamoyoni, msimu wa palizi uliopita, tukichambua choroko.

Dakta Kihedu alipoacha hospitali ili aliongoze jimbo, kila mkutano wa kampeni aliwapandisha jukwaani watu aliowahi kuwapasua, waonekane walivyopona. Siku hiyo akamwita Tausi, mdogo wake Zamoyoni, aliyetolewa naye uvimbe shingoni. Tausi alikwenda mbio, maana uvimbe ulikuwa umerudi. Mzigo wa safari ya hospitali kuu alishaufunga, ila alitaka kwanza neno la daktari wake.

"Dakta, hebu nishike hapa," akamnong'oneza.

Dakta akamshika. Vidole vikazunguka, vikabonyeza, vikasimama palepale. Akamtazama Tausi usoni, akautazama umati, kisha akachukua kipaza sauti.

"Mnamwona dada huyu? Kisu changu hicho! Mzima kama kigongo!"

Vigelegele vikapigwa. "Hata bibi harusi hana shingo hiyo!" mtu akapayuka.

Tausi akamvuta mkono. "Kwa hiyo nisiende hospitali kuu?"

"Ukatafute nini huko? Shuka, dada, wenzako wanangoja."

Nyumbani Tausi akafungua mzigo, akarudisha kanga zake sandukuni.

"Mwenzangu, mbona hicho kitu nakiona?" Zamoyoni akamuuliza.

"Umekuwa daktari wewe? Mwenyewe kanishika kwa mkono wake!"

Akajinyoosha mkekani, akageukia upande uliovimba, ambao kwa miezi hakuthubutu kuulalia. Akauma meno, akatabasamu, usingizi ukamchukua.