Kwa Ruhusa ya Nani

Mlango uling'oka kwa teke la pili. Mabaunsa wawili wakamburura Bi Mwanakombo kifudifudi hadi uani, kisha mmoja akarudi kuvunja ukuta wa jikoni kwa nyundo. Shekue, mwenye kiwanja kwenye makaratasi, akamsogezea bibi simu karibu na mdomo, inarekodi.

"Bibi, sema tu ulikaa hapa kwa ruhusa yangu. Nawaambia waache sasa hivi."

Wakili wa msaada wa kisheria alikuwa ameshamwonya bibi: ukikaa miaka yote hii bila kuomba ruhusa ya mtu, mahakama inaweza kukupa nyumba. Ukisema uliruhusiwa, umekwisha.

"Ruhusa yako?" Bi Mwanakombo akatema damu. "Naingia hapa wewe bado unakojoa kitandani. Ningeomba ruhusa kwa nani, kwa godoro lako?"

Baunsa aliyemshika akacheka. Shekue akamzaba bibi kofi, naye akaanguka kwenye kifusi.

"Sema!"

"Sikuombi kitu, mjukuu wangu."

Shekue akaenda jikoni kumpokonya baunsa wa pili nyundo. Bi Mwanakombo akatambaa mpaka kizingitini, akakaa pale mlango ulipokuwa, akampa Shekue mgongo. Shekue akainua nyundo juu ya kichwa cha bibi, na yule baunsa aliyecheka akarudi nyuma.