Goli la Mlingoti Mmoja

Mashabiki wa zamani walileta jeneza la Mbaruku, mshambuliaji wao, uwanjani ili lipitishwe golini, kama alivyoomba. Wakakuta mlingoti mmoja tu; wa pili ulikuwa umeng'olewa na wauza vyuma chakavu.

"Uliugonga mno, Mbaruku, mpaka umekimbia!" alisema Shekue, aliyezoea kumtania kutoka jukwaani.

Hakuna aliyecheka.

"Twende makaburini, kaka," mwenzake akanong'ona. "Goli halipo tena."

Shekue akaenda upande ulio mtupu, akasimama wima, mkono juu.

"Mpitisheni hapa. Mlingoti ni mimi."

Jeneza likapita. Shekue akafungua kinywa apige ukelele wa bao; sauti haikutoka. Watu wakashika njia ya makaburini. Yeye akabaki pale, mkono bado juu, akiogopa kuushusha.