Neno la Mwisho la Leo

Sheria ilikuwa rahisi kukariri: nyumba moja, ajira moja. Kinasa sauti cha ukutani kikisikia umeambiwa "pole na kazi", tayari umeajiriwa, na mwenye ajira wa nyumba hiyo ajira yake imekwisha. Watu wakajifunza kubana midomo.

Stumai, mkuu wa ajira wa mkoa, alirudi kutoka kikao cha wakuu wenzake akamkuta mumewe, Hamdani, anatwanga kisamvu, jasho linamtiririka. Miaka sita anatwanga, anafua, anamgeuza mkwewe mgonjwa kitandani, na hakuna aliyempa pole. Majirani wakipita hujikohoza tu. Ndiyo heshima ya siku hizi.

"Karibu, Mheshimiwa," Hamdani akamtania. "Leo mlilala wote au kwa zamu?"

"Tulipiga kura."

"Ya kuturudishia pole?"

Stumai aliinamia viatu vyake. Mwenyekiti alikuwa ameihesabu mikono kwa kidole, mmoja mmoja, na wa kwake ulikuwa juu.

"Kuanzia kesho asubuhi, 'asante' nayo inahesabiwa kama pole."

Mchi ukanyamaza. Hamdani alikitazama kinasa, akamtazama mkewe, kisha akachota maji mtungini.

"Kunywa, mama Rehani. Bado ni leo."

Akanywa. "Asante, mume wangu."

Hamdani akajaza kikombe tena, akamnyooshea. Stumai hakuwa na kiu, lakini alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru. Na cha tatu. Na cha nne.