Feni ya Mama Mkwe

Tetemeko la ardhi lilipotulia, majirani katika mji wa pwani wa Pariaman walitoka nje wakakikodolea macho king'ora cha tsunami. Kilikuwa kimya.

"Kama kungekuwa na hatari, kingelia," mama mkwe akasema, akarudi kujinyoosha chini ya feni. "Na wewe Syafril, mwanamume mzima, unaishi kwangu, unakula kwangu, bado unatetemeka?"

Syafril aliitazama feni ikizunguka. Ilipata umeme kwenye paneli ya sola aliyoing'oa kwa mkono wake kule baharini, juu ya boya linalokiamsha king'ora.

Akambeba binti yake, akamshika mkewe mkono.

"Twende mlimani mara moja."

"Na mama je?"

"Mwache apunge upepo. Si king'ora hakijalia?"