Visanduku vya Kuchungulia

Mashine ya joto ya watoto njiti ilikuwa imeanza kuchelewa. Mtoto akipoa, hita iliwaka baada ya dakika nzima, midomo yake imeshabadilika rangi.

Shani, fundi wa hospitali, aliikodolea macho kompyuta iliyoiongoza. Programu yake ilikuwa visanduku vilivyochorwa kwenye skrini na kuunganishwa kwa mistari, na yeye ndiye aliyeviunga. Kila alipoingiwa na hofu aliongeza kisanduku kimoja cha kuchungulia joto. Sasa vilifika arobaini, vyote vikidai namba kwa pamoja, na kompyuta ilikuwa hoi.

"Si uvitoe!" alisema muuguzi, Bi Hidaya.

"Nikivitoa sitaona kitu, mama."

"Wali ukifunuliwa kila saa hauivi, mwanangu. Toa!"

Shani alikata mistari mmoja mmoja, hadi kikabaki kisanduku kimoja tu cha kuchungulia. Hita bado ilikawia. Akakata na hicho.

Namba ya mwisho ikazimika. Shani akapenyeza mkono kwenye tundu la mashine, akauweka juu ya mgongo wa mtoto, uliotoshea kiganjani, akasubiri joto.