Sefu ya Vinyongo

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwinshehe, na mwenyewe hakatai. Sheria ilitaka vinyongo vya kila nyumba vitolewe vifuani, vitiwe chupani na kufungiwa kwenye sefu ya nyumba hiyo, namba zake azijue karani wa mtaa peke yake. Mwinshehe akakitaka chake, amlipize Kombo aliyempora shamba. Akabandika faneli ya mafuta ya taa kwenye mlango wa sefu, akavuta mpira wake hadi sikioni asikilize, akazungusha gurudumu la namba wiki tatu mpaka chuma kikaachia.

Chupa zilikuwa mbili. Zote zikaanguka na kupasuka, vinyongo vikarudi vifuani.

"Leo Kombo atanikoma!" alifoka.

Mkewe Salha, mpole miaka tisa tangu chupa yake ifungiwe humo, akatia komeo mlango wa nyumba, mwiko mkononi.

"Kombo atasubiri, Baba Zuhura. Mimi nilitangulia foleni."